Mlio Uliosikika Mlimani Tu

Nilimnyang'anya fundi bisibisi mkononi. Ndivyo ilivyokuwa, sitapamba. Gari letu lilikuwa limekufa, limevutwa kwa kamba mpaka gereji kwake mjini, naye anajifuta mikono huku akiniambia, "Dada, nyie wanawake mnasikia milio hata gari likiwa limezimwa." Wenzake wakacheka. Mwanangu wa miezi saba nilikuwa nimemlaza kiti cha nyuma, miguu yote miwili imefungwa plasta. Nikaanza kufungua skrubu za dashibodi.

Mwanangu alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani. Hospitali walinieleza: kila wiki plasta mpya, mguu unavutwa taratibu hadi unyooke. Ukilegeza, unarudi ulikotoka. Tunaishi Old Moshi, juu, ambako barabara ni mawe na masika yakija ni utelezi mtupu. Baba yake anafanya kazi Mtwara. Alituachia gari lililonizidi umri, na kila Jumatano nilishuka nalo kliniki, nikapanda nalo kurudi.

Mlio ulianza Kwaresima, siku chache baada ya jiwe kuligonga gari tumboni. Kushuka, kimya. Mjini, kimya. Ukivuka daraja ukaanza kupanda kwa gia ya pili, ndipo ngo, ngo, ngo, na taa nyekundu ya oili inakonyeza. Tukifika nyumbani penye usawa, kimya tena.

Mama mkwe alikuwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, anakata majani ya ng'ombe.

"Nimekusikia tangu kanisani," alisema. "Hilo gari linagonga kama mtu aliyefungiwa stoo."

"Fundi anasema halina kitu, mama."

"Kalisikilizia wapi?"

"Mjini."

"Basi kasikiliza mji."

Nilirudi kwa fundi. Nikamweleza habari ya jiwe, ya kilima, ya taa, na ya mtoto ninayemshusha kliniki. Akafungua boneti, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, macho kafumba kama daktari. "Inaimba vizuri," akasema. Nikamwomba apande nalo hadi kwetu. Akaliendesha hadi Rau na kurudi. Rau, jamani, ambako hakuna kilima cha kumchosha hata bata.

"Kule ni tambarare," nikamwambia.

"Sista, sina mafuta ya kukupeleka ukweni."

"Nitaweka mimi."

"Mwambie shemeji apige simu, tuongee wanaume."

Mara ya tatu alikaa na gari siku nzima. Aliponipa ufunguo alisema, "Nimemaliza. Hata ile taa haitakusumbua tena." Na kweli haikunisumbua. Mlio ulibaki, lakini mimi niliitazama taa, nikaona giza, nikajiambia oili ipo, haya mengine ni uzee wa gari. Hilo ni kosa langu na bado linaniuma. Sikio langu lilikuwa linasema kweli, nikaamini dashibodi.

Jumatano moja tukiwa tunapanda, injini ililia kama chuma kinachokatika, ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta handibreki, nikashuka, nikasukumia jiwe chini ya tairi, nikamfunga mtoto mgongoni. Tukatembea kwenye tope hadi nyumbani. Mama mkwe alikuwa amesimama getini. Alisikia mlio, kisha akasikia umekatika.

Jumatano iliyofuata tulishuka kwa bodaboda. Nilimfunga mtoto miguu kwa mifuko ya nailoni, mvua ikaingia hivyo hivyo. Tulipofika plasta ilikuwa uji. Nesi alishika mguu wa kulia, akaupima kwa macho. "Huu umerudi, mama. Tunaanza upya." Wiki zote zile alizolia mwanangu hadi sauti ikakauka, zilikuwa bure. Walipomaliza kumfunga nilikwenda moja kwa moja gereji.

Shule ya udereva nilifundishwa: ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa nyekundu zote zinawaka kwanza. Nikazungusha. Ya betri ikawaka. Ya handibreki ikawaka. Ya oili, giza. Nikamuuliza, ndipo akanijibu habari ya wanawake na milio.

Skrubu zilikuwa nne. Nyuma ya dashibodi, tundu la balbu ya oili lilikuwa tupu.

"Hiyo iliungua tu," akasema.

"Ikaungua halafu ikatembea?"

Safari hii hakucheka mtu. Mwenzake mmoja aliyekuwa chini ya gari akasema bila kumtazama, "Sampu ya oili huku tumboni imebonyea, bro. Imekandamiza chujio. Kwenye kilima oili ilikuwa haipandi."

Nikamchukua mwanangu, nikaenda ofisi ya kata. Mtendaji aliniuliza kama nisingependa tukae tuyamalize kwa mazungumzo. Nikamwambia nimeongea mara tatu, naomba karatasi. Akanipa. Niliandika nikiwa nimempakata mtoto, plasta ikinibana paja:

"Nalalamika dhidi ya fundi huyu. Nilimweleza gari linagonga likipanda mlima na taa ya oili inawaka. Hakupanda mlima. Alichomoa balbu ya taa, akanirudishia gari akisema limepona, akijua nampakia mtoto mgonjwa. Gari limefia njiani na mguu wa mwanangu umerudi kupinda. Naomba aitwe hapa, aseme mbele yangu kwamba aliichomoa, na aseme ni kwa sababu gani."