Kumi na Nane au Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale, miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa waya mwembamba na kunionyesha rundo la rimu. Alikuwa Singasinga, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana.

"Pima," alisema.

Nikauacha waya, nikaweka futi juu ya rimu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, nikataja namba. Akacheka mpaka watu wakageuka.

"Wewe napima kofia, hapana kichwa!"

Kisha akanifundisha. Tairi lina midomo miwili, yaani kingo zake za ndani zenye waya mgumu. Midomo hiyo haikai kwenye ukingo wa nje wa rimu, inakaa chini yake kidogo. Hapo ndipo unapozungusha waya wako. Unaukata, unaunyoosha sakafuni, unaupima, kisha unagawanya kwa tatu na kidogo upate namba ya rimu. Ukipima ukingo wa nje, rimu ya inchi kumi na nane itakudanganya kwamba ni ya kumi na tisa. Kwa miaka mingi nilizungusha waya kwenye rimu za malori, za trekta na za magari ya wenye mashamba, na sikukosea.

Vita vilipokwisha, mwenye shamba moja upande wa Cherangani alileta gari lake la michezo, la viti viwili, lililotengenezwa zamani sana. Alilipenda kuliko ng'ombe wake. Matairi yalikuwa yameisha. Siku hizo kulikuwa na namba za aina mbili, na vijana wa leo hawajui taabu hiyo. Namba za zamani zilitaja kimo cha tairi zima, kisha upana. Namba mpya zilitaja upana, kisha rimu. Kwenye matairi ya gari lile ilisomeka 28 x 4, kisha nukta, na tarakimu mbili zilizofuata zilikuwa zimelika. Kama zilikuwa 75, rimu ni ya kumi na tisa. Kama zilikuwa 95, ni ya kumi na nane. Stoo tulikuwa na ya kumi na tisa tu.

Fundi Mkuu alikuwa mgonjwa nyumbani. Meneja, Mzungu asiyependa kungoja, alisimama mlangoni.

"Gari inatakiwa leo. Namba gani?"

Nilipima. Hilo nakumbuka. Nikajibu, "Kumi na tisa, Bwana."

Matairi yaliingia kwa mikono tu, karibu bila vyuma. Nikajisifu. Ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi, unaotakiwa kulingana na rimu pande zote, haukulingana kwenye gurudumu la mbele kushoto. Nikasema moyoni kwamba rimu imepinda kidogo kwa uzee.

Dereva wa kujaribu magari alikuwa Wekesa, kaka wa mke wangu Nasimiyu. Alikaa kwenye kiti kile cha chini, akaniangalia huku akicheka.

"Shemeji, nikirudi nalo usinidai salamu. Nitakuwa mtu mkubwa."

"Rudi kwanza," nikamwambia. "Hata kofia huna, ukubwa utauweka wapi?"

Akaondoka kuelekea Kiminini. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye kona ya pili gari lilipinduka, na tairi la mbele kushoto lilikutwa shambani, mbali na rimu yake. Wekesa alifia pale pale. Polisi waliandika: mvua na mwendo wa kasi.

Kwetu, siku ya tatu baada ya kuzika, watu hunyolewa nywele, na kila mwenye neno juu ya kifo hulisema mbele ya ukoo. Nilisimama. Sikuweza kutazama upande aliokaa mama mkwe, kwa heshima, basi nikasema nikitazama ukuta.

"Tairi lile nililichagua mimi. Huenda halikuwa lake."

Baba mkwe akaniuliza, "Mwanangu, gari lilianguka kwa sababu tairi lilitoka, au tairi lilitoka kwa sababu gari lilianguka?"

"Sijui, Baba."

"Basi kaa chini. Huzuni inakusumbua."

Nikakaa. Nilikuwa nimesamehewa jambo ambalo hakuna aliyelielewa, hata mimi.

Fundi Mkuu aliporudi, gari lilikuwa limekwisha kuvunjwa na rimu zake kugawanywa. Aliniuliza neno moja tu. "Wewe napima wapi?"

"Sikumbuki, Fundi."

"Kumbuka."

Nilijaribu. Siku moja naona waya mkononi mwangu. Siku nyingine naona futi kwenye ukingo wa nje, kama siku ile ya kwanza, kwa sababu ya haraka. Picha zote mbili ni safi, na siwezi kuapa kwa yoyote. Baadaye nilihamishiwa tawi la Bungoma, chini ya Msimamizi mpole aliyeniita "Mzee wa Waya", maana sikufunga tairi bila kupima mara tatu. Alidhani ni bidii.

Wiki niliyostaafu, nilikwenda Kamukuywa na Nasimiyu. Rimu moja ya gari lile ilipelekwa shule ya huko kuwa kengele, na nilijua hivyo miaka yote. Nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa.

"Mzee, unapima kengele? Unataka kuivalisha?"

Nikazungusha waya mahali panapokaa mdomo, nikaukata, nikaunyoosha kwenye nyasi. Inchi hamsini na sita na nusu. Rimu ya kumi na tisa inataka karibu sitini. Nikapima tena, na tena.

"Ni kumi na nane," nikamwambia Nasimiyu. "Ni mimi."

Alikuwa ameshika kikapu chake. "Ulisema siku ya kunyoa."

"Walisema ni huzuni."

"Wao ndio waliosema. Mimi nilikusikia."

Amekula nami meza moja miaka hii yote akijua, na mimi sikujua kwamba anajua. Hata sasa sielewi aliwezaje, wala sijui kama nimepata nafuu. Nilidhani namba ingenituliza, hata ingekuwa ipi.

Ninyi mnaofunga matairi leo, namba zimekuwa rahisi, na mashine zinawasaidia. Nina neno moja tu la kuwaachia. Tairi likiingia kwa urahisi, msifurahi. Litoeni, mzungushe waya.