Betri ya Mama Salma

Sikwenda Ujiji kutembea, wala kuangalia ziwa, maana ziwa nalijua tangu utoto. Nilikwenda kwa sababu ya wivu, na bora niliseme hilo mapema ili asije mtu akanisifia bure. Jirani yangu hapa Kasulu, Mashaka, ambaye tunakunywa naye kahawa kila jioni, alirudi kutoka Mwanza na pikipiki kubwa ya safari, ile aina yenye kioo mbele na injini inayonguruma kwa adabu. Hilo ningelivumilia. Lakini siku moja shemeji yangu alijifungua kule Heru Juu, gari hazikupatikana, na Mashaka akampa lifti mke wangu, Tausi. Mke wa Mashaka mwenyewe ndiye aliyemfunga kofia. Aliporudi, Tausi alishuka mbele ya duka langu la mabati na misumari anacheka mpaka akashika ukuta. Cheko lile nililisikia mara ya mwisho kabla hatujaoana.

"Unacheka nini?" nilimuuliza.

"Nacheka tu. Lile dude linakwenda, Baba Asha."

Tangu hapo kila Mashaka alipowasha pikipiki yake, mimi dukani nilimpa mteja misumari ya mabati badala ya misumari ya mbao. Moyoni niliapa kwamba cheko lile litarudi nyumbani kwangu, na litarudi kwa pikipiki yangu.

Ndipo nikasikia habari za Mzee Bakari wa Kasingirima, kule Ujiji, aliyefanya kazi kwenye injini za meli za ziwani tangu ujana wake. Alikuwa anauza pikipiki ya Kijapani, ya zamani, silinda nne, kubwa kuliko ya Mashaka. Hilo la "kubwa kuliko" ndilo lililonikosesha usingizi. Nikampigia simu.

"Njoo mbalamwezi, mwanangu," aliniambia. "Sasa hivi ni giza."

Nikaona ni mambo ya wazee. Mwezi na pikipiki wapi na wapi? Nilihofia Mashaka asije akasikia, akaenda kuichukua na hiyo, akawa nazo mbili. Kesho yake nilimuaga Tausi kwamba nafuata mabati Kigoma, nikapanda Noah ya abiria ya alfajiri.

Njiani sikuona milima wala migomba. Nilichoona ni barabara tu, kila kona nikiipima: hapa nitalala nayo hivi, hapa nitampita Mashaka. Tulipofika Mwandiga abiria wenzangu wakaanza kukusanya mizigo yao, mimi nilikuwa nimeshampita Mashaka mara nyingi sana.

Kasingirima nilifika jua likianza kuchoma. Mlangoni alikuwa amekaa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anachambua dagaa kwenye ungo. Nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha, nikasema, "Mwakeye, Mama." Akaitikia, akaweka ungo chini, akanitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Wewe ndiye wa pikipiki," alisema. "Umekuja mapema. Ingia umwone mke mwenzangu."

Aliyesema hayo ndiye Mama Salma, mke wa Mzee Bakari na mwenye mitumbwi ya kuvulia dagaa. Sebuleni makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na katikati, chini ya shuka safi la maua, ilikuwapo pikipiki. Mzee Bakari akaifunua polepole kuanzia nyuma. Ilikuwa nyekundu iliyopoa, na mabegi magumu kila upande. Kiti chake kilikuwa kirefu cha kukaa watu wawili bila kubanana. Tangi lilikuwa linang'aa. Nilishikwa na wivu palepale, wivu wa kumwonea mzee wa watu aliyekaa na kitu kama kile miaka yote wakati mimi nauza misumari.

"Ilikuja na meli ya mizigo kutoka Mpulungu, kule mwisho wa ziwa," alisema. "Nilishuka nayo bandarini mwenyewe. Watu walisimama."

"Nakuamini, Mzee. Tuiwashe basi."

Akageuza ufunguo. Kimya. Hata taa haikukonyeza. Akamtazama mkewe, naye akaangalia dari.

"Betri iko ziwani," alisema Mzee Bakari. "Nilikwambia uje mbalamwezi."

Ndipo nikaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na siku hizi taa zinatumia betri. Betri ya pikipiki ilikuwa inakwenda kuvua. Wakati huo mtumbwi ulikuwa umepiga kambi Mwamgongo, kaskazini huko, na usingerudi mpaka mwezi utoe mwanga na dagaa wagome kufuata taa. Maana yake mzee aliendesha pikipiki yake siku za mbalamwezi tu. Siku nyingine zote ililala sebuleni kama mgeni mgonjwa.

Mchana nilishuka ufukweni na Mama Salma kugeuza dagaa waliokuwa wameanikwa juani. Mzee alibaki anatafuta spana zake.

"Mama, mtumbwi hauna betri zake?"

"Zipo. Kubwa, nzuri."

"Sasa ya pikipiki ya nini?"

Aligeuza fungu zima la dagaa kabla ya kunijibu. "Ukiwa na mume anayeondoka asubuhi kwenda kunywa chai Kasulu, chai tu, halafu anarudi jua limezama, anacheka peke yake, utafanyaje? Mimi nimezaa naye. Nampikia, namfulia. Yule wa sebuleni hapiki wala hafui, na kila siku anafutwa vumbi kwa kitambaa laini. Nikaona betri ikavue dagaa, na mimi nipate mtu wa kukaa naye barazani."

"Ulimwonea wivu pikipiki?"

"Kwani wewe umefuata nini huku?" aliniuliza, na mimi nikainama kugeuza dagaa.

Tuliafikiana na mzee siku ileile. Mama Salma hakutaka hata kusikia mjadala, alitaka iondoke. Betri yake, hata hivyo, alikataa kuiuza, akisema imeshazoea maji. Nikaenda Mwanga sokoni, mjini Kigoma, kutafuta nyingine.

Kesho yake tulishinda uani na pikipiki. Kwa kulala sana sebuleni, petroli ilikuwa imeacha gundi ndani ya kabureta, ikabidi zifunguliwe zote nne na kuoshwa. Tairi zilionekana nzima, lakini ukizikunja zinapasuka kwenye mikunjo. Nikarudi tena Mwanga, nikahangaika mpaka nikapata zinazofanana. Mafuta ya breki yalitoka meusi. Kilichonishangaza zaidi ni cheni. Ilikuwa nyekundu, nzito, imejaa mchanga.

"Mzee, hii umepaka nini?"

"Mawese," alijibu bila aibu. "Hapa mafuta ya cheni yanaadimika, mawese hayaadimiki."

Tuliisugua kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikawasha, lakini harufu haikutoka. Muda wote ule nilimwonea mzee wivu. Alijua plagi ipi inasumbua kabla hajaigusa. Alijua kilachi inashika wapi. Mimi nilikuwa na kadi ya pikipiki mfukoni, na bado alikuwa anaijua kuliko mimi.

Ilipowaka, watu walitoka majumbani. Mzee Bakari akaniomba azunguke nayo mara moja tu. Nilitaka kukataa, naapa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Akapanda. Mgongo ukanyooka, akatokomea kuelekea mjini Kigoma, na Mama Salma akasimama mlangoni amekunja mikono mpaka aliporudi. Kisha nikapanda mimi. Nilipokuwa natoka nilimtazama mzee kwenye kioo cha pembeni. Amesimama barabarani, kitambaa bado mkononi, ananiangalia vile ninavyomwangalia Mashaka. Niseme kweli, ilikuwa tamu.

Asubuhi ya kuondoka Mama Salma alinifungia dagaa ndani ya begi moja la pikipiki. Kabla sijavaa kofia alinivuta karibu.

"Siku ukichoka nayo, betri iko chini ya kiti," aliniambia. "Boliti mbili tu."

Nikacheka, nikamshukuru. Nyuma yake mzee alikuwa ameshakaa barazani, anaangalia chini.

Kupanda milima ya kurudi Kasulu sitakusahau. Lile dude linakwenda, Tausi alisema kweli. Upepo unaingia mikononi, injini inaimba, na kila cheni inapopata moto harufu ya mawese inapanda kama umepita nyuma ya jiko la watu. Nililala kwenye kona zangu zote. Pale dukani nilifika na kuacha injini ingurume muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mashaka alivuka barabara, akaizunguka, akagusa begi, akagusa kioo. Macho yake yalisema, nami nikayasoma mpaka mwisho.

"Ndiyo mabati haya?" aliuliza Tausi, akanusa. "Mbona yananukia mboga?"

Akapanda nyuma. Tulikwenda hadi nje ya mji, na pale barabara iliponyooka nikafungua mafuta. Likaja cheko lile, lilelile, nyuma ya sikio langu. Nilidhani nimeshinda. Lakini lilikuwa lilelile mno, halikuongezeka hata kidogo kwa kuwa dereva ni mimi. Tausi hakuwa anamchekea Mashaka siku ile, na hakuwa ananichekea mimi siku hii. Alikuwa anauchekea mwendo.

Tuliposhuka akasema, "Nifundishe."

Nikamfundisha. Alianza na pikipiki ndogo ya kuazima kwenye uwanja wa mpira, na miezi ilipopita akahamia kwenye kubwa. Sasa anakwenda Heru Juu kumwona dada yake, na dada yake siku hizi anaonwa sana. Mimi nakaa dukani na Mashaka, kahawa mkononi, tunasikiliza barabara. Mashaka ananicheka.

Msafiri akirudi huulizwa amejifunza nini. Juzi Tausi alirudi jua limezama, vumbi mpaka kwenye nyusi, akanisimulia kona zote za njiani mpaka chai yangu ikapoa. Asubuhi yake, kabla hajaamka, nilijikuta nimechuchumaa uani, kiti cha pikipiki nimeshakifungua, spana mkononi. Boliti mbili tu, kama Mama Salma alivyosema. Nilikuwa nimelegeza moja niliposikia mlango unafunguliwa na Tausi anauliza natafuta nini huko chini. Kasulu hatuna hata ziwa la kusingizia.