Bandi ya Buluu

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alikuwa amewashonea watu ambao hawakutaka kuonekana walivyo: wanene waliotaka wembamba, wembamba waliotaka mabega, na mabibi harusi waliotaka vyote viwili kabla ya Jumamosi. Wengi waliondoka wameridhika. Chumba chake cha kazi kilikuwa na vyerehani viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, pazia la kubadilishia nguo, na msumari ukutani uliobeba vipimo vya wateja, vilivyokatwa kwa karatasi ya kaki na kutundikwa kimoja juu ya kingine. Cha mdogo wake kilikuwa cha tatu kutoka mbele. Mdogo wake alikuwa amekufa miezi minane iliyopita, na kipimo kilikuwa bado cha tatu, kwa sababu kila alipopata mteja mpya Fundi alizishusha karatasi zote, akatanguliza ile mpya kwenye msumari, kisha akazirudisha nyingine mbele yake. Ilimpotezea muda. Hakuna aliyemuuliza.

Marehemu alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na mtaa mzima ulimwita Mita. Aliishi miaka thelathini na mmoja, akiwa na goti bovu na mapenzi makubwa kwa shujaa mmoja wa vitabu vya picha, yule wa kuruka kutoka ghorofa hadi ghorofa ndani ya suti ya kubana. Jina la shujaa huyo halitatajwa hapa. Kila mtoto analijua, na wenye haki zake wana mawakili. Mita na rafiki yake mpiga video za harusi, aliyejiita Dairekta na kuitwa hivyo bila mtu kucheka, waliamua kumtengenezea sinema yao wenyewe, bila ruhusa ya yeyote. Shujaa anachelewa kumwokoa mtu wake wa karibu, basi anavua suti na kukataa kuivaa tena.

"Inahusu majonzi na wajibu," Dairekta aliwaeleza waliouliza kama kutakuwa na mapigano.

Suti ilikuwa kazi ya Fundi. Kila jioni Mita aliingiza kichwa dirishani.

"Dada, imeisha?"

"Ingeisha kama usingekuwa unaniuliza."

"Shujaa hana nguo, Dada. Maadui wanasubiri."

"Waambie wanywe chai kwanza."

Mgongoni mwa suti palitakiwa mkanda mpana wa kufungia kamba, ili Mita aning'inie juu ya paa la ghala na kupigwa picha akiruka. Hapo ndipo ilipo habari yote, na ni habari ya kishonaji. Kabla fundi hajapitisha nguo kwenye cherehani, hupiga bandi: mishono mirefu ya mkono, ya kushikiza tu, ili aone kama kitu kimekaa mahali pake. Bandi haibebi uzito. Bandi haibebi hata chafya. Kwa hiyo fundi mwenye akili hutumia uzi wa rangi nyingine, mwekundu kwenye buluu, mweupe kwenye nyeusi, ili mtu yeyote akiona ajue kazi haijaisha. Siku ile sindano ilikuwa tayari na uzi wa buluu, suti ilikuwa ya buluu, na Fundi hakuona sababu ya kuinuka kwenda kutafuta mwekundu.

Akaivisha suti sanamu yake ya mbao isiyo na kichwa, akaenda kumpelekea mteja gauni. Aliporudi sanamu ilikuwa uchi na simu ilikuwa na ujumbe: "Nimeichukua Dada, ni kali sana!!!"

Alijua palepale. Lakini walikuwa wamesema watapiga picha Jumamosi, na ile ilikuwa Alhamisi. Bila shaka alikwenda kujiangalia tu kwenye kioo, kama watu wote wenye suti mpya. Halafu nyuma ya pazia kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akilalamika kuhusu kola. Fundi alikwenda kwanza kwenye kola. Aliishughulikia dakika ishirini.

Waliombeba Mita jioni ileile kutoka chini ya ghala walikusanya kila kitu wakamkabidhi dada yake hospitalini ndani ya mfuko: suti, kofia ya kuficha uso, kiatu kimoja, kamba. Aliufungua nyumbani peke yake. Mkanda ulikuwa bado umefungwa kwenye kamba, fundo limekaza kama ngumi. Kilichoachia ni upande wake yeye, wa mshono. Nyuzi za buluu zilining'inia pembeni, ndefu, zenye nafasi kati yake.

Msibani, Dairekta alimpigia magoti mbele ya watu.

"Dada, ni fundo langu. Mimi ndiye niliyefunga. Lilifunguka."

"Usiseme hivyo, ndugu yangu," Fundi alimwambia.

Na akaishia hapo. Watu walimsifu kwa moyo wake mkubwa.

Tangu siku hiyo aligeuza cherehani ili dirisha liwe mgongoni mwake. Haikusaidia. Ilipofika jioni sauti iliuliza kama imeisha, kwa adabu ileile na mzaha uleule, naye mara mbili tatu akajikuta amejibu "bado kidogo" mbele ya wateja, ambao walidhani wameambiwa wao na wakaketi kusubiri.

Mwezi wa nane baada ya msiba Dairekta alikuja. Alikuwa amekonda hadi mkanda wa suruali ukamzunguka mara moja na nusu.

"Naimalizia, Dada. Nisipoimaliza nitaumwa. Mwokaji, yule wa mikate hapa mtaani, amekubali kuvaa suti. Harukiruki, atatembea tu, lakini ule mkanda uwepo, picha zifanane."

"Mwokaji haingii kwenye nguo ya Mita hata ukimpaka mafuta."

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi. Na kuna kipande cha dada wa shujaa. Maneno ni matatu tu. Nimejaribu watu wengine, hawawezi. Wewe ndiye dada."

Maneno yenyewe yalikuwa: "Si kosa lako."

Walipiga picha mlemle chumbani, asubuhi ya Jumapili. Mwokaji, mtu mpole wa kilo mia na kitu, alisimama amevaa suti mpya na kofia iliyomfinya mashavu. Dairekta aliinama nyuma ya kamera.

"Usimwangalie yeye, Dada, atakuchekesha. Niangalie mimi. Haya, twende!"

"Si..." Fundi alisema, akakwama.

"Rudia. Polepole."

"Jamani, naiva huku ndani," ilisema kofia.

Akarudia. Akamwangalia Dairekta, naye alikuwa ameacha kutazama kwenye kamera. Alimtazama yeye, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Hapo Fundi akaelewa maneno yale yaliandikwa kwa ajili ya nani.

"Si kosa lako," alisema.

Yalitoka bila shida, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Dairekta alifunika macho. Fundi angeweza kuishia hapo. Angekuwa amempa alichokuja kutafuta, na kila mtu angekunywa chai.

"Fundo lako halikufunguka," akaendelea. "Ule mkanda sikuwa nimeushona. Nilipiga bandi tu, akauchukua hivyohivyo. Nilijua, na sikumpigia simu."

Dairekta alishusha mikono kutoka machoni.

"Na hiyo imo?" Mwokaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umejua lini?" Dairekta alisema.

"Siku ileile. Kabla hata hatujamzika."

Fundi aliuvuta mfuko kutoka chini ya marobota ya vitambaa. Dairekta alishika kamba, akalijaribu fundo kwa kidole gumba, akalivuta kwa kucha.

"Limeshika," alisema, na kwa muda mfupi mno alifurahi. Kisha akaona aibu kwa kufurahi. Kisha uso ukawa mwingine kabisa.

"Nilipokuwa sili, ulikuja kwangu. Ulikaa pale kwenye kiti ukaniambia nimwachie Mungu."

"Nilikuja."

"Miezi minane, Dada."

Aliibeba kamera na miguu yake mitatu ikiwa bado imetanuka, akapita mlangoni kwa ubavu, taa nyekundu ikiendelea kuwaka. Hakubamiza mlango. Angebamiza ingekuwa nafuu.

Walibaki wawili. Mwokaji alivua kofia, akatazama sakafu, akatazama dari.

"Fundi, samahani. Zipu iko nyuma."

Alimgeuza, akamfungua. Mwokaji alijikunyata akatoka ndani ya suti, akavaa shati lake mwenyewe, akaanza kuikunja ile nguo kwa heshima. Alipofika kwenye mkanda mikono ilisita. Hakuwa mtu wa kumuumiza mwenzake. Lakini aliushika, akamtupia Fundi jicho la kuomba radhi, na akauvuta kidogo.

"Vuta kwa nguvu," Fundi alimwambia.

Akavuta kwa nguvu.