Mara Tisa kwa Siku

Hebu mtazame anavyoshuka kwenye basi. Mzee mrefu, kiuno kimeanza kumsaliti, koti amelifunga vifungo vyote juani, mkoba wa turubai begani. Hukohoa mara mbili kabla ya kusema na mtu, kama anayebisha hodi. Mbele yake paneli za jua zimetandazwa mpaka kwenye mteremko wa kilima, utadhani mji mzima umevuliwa mapaa yakaanikwa chini. Mlinzi wa getini anamwuliza anamtaka nani.

"Fundi mmoja wa umeme. Binti yangu." Kisha anaongeza, ingawa hakuulizwa, "Tuna miaka minne hatujaonana."

Mlinzi anamvutia kiti na kwenda kumwita. Basi na sisi tukae naye kidogo, maana safari yake haikuanza leo.

Kwao wanamwita Firimbi. Alikuwa mwangalizi mkuu wa boila kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Boila hushika masizi kwenye mabomba yake kama koo linavyoshika makohozi; usipoyapuliza kwa mvuke, moto unakosa nguvu. Ukiyapuliza, dohani inatapika wingu jeusi kwa dakika kumi nzima, na masizi yanashuka juu ya nyumba za watu. Ndiyo maana palikuwa na desturi: kabla ya kupuliza, Firimbi alivuta mnyororo wa firimbi ya mvuke mara tatu, ndefu, na mtaa mzima ukakimbilia kamba za nguo. Binti yake alijifunza kuhesabu kwa firimbi hiyo, vibanio mdomoni, mashuka mikononi.

"Wewe mzee," jirani yake dobi alikuwa akimtania, "hata marehemu mume wangu hakuwahi kunikimbiza hivi!"

"Shukuru Mungu, shemeji. Mazoezi hayo bure."

Enzi hizo walipuliza mara moja kwa kila zamu. Mara tatu kwa siku, mtu anavumilia.

Kisha uchumi ukaanguka. Viwanda vikafunga, umeme ukakosa mnunuzi, mtambo ukazimwa. Wanaume themanini wa mtambo walikaa vibarazani miaka miwili wakitazama magari yanayopita, wakigombana na wake zao kwa sababu ya chumvi. Njaa haina haya, ndugu yangu. Siku viwanda vilipofufuka na kudai umeme wa haraka, boila ziliwashwa kwa makaa yaliyopatikana: hafifu, mabichi, vumbi tupu. Mabomba yakaziba kabla hujamaliza chai. Zamu iliyokuwa ikipuliza mara moja sasa ikapuliza mara tatu. Kila aliyepuliza alichora mstari wa chaki nyuma ya mlango wa boila, na jioni Firimbi alikuta mistari tisa.

Hapo zikaja habari za wakaguzi. Serikali ilikuwa na paneli za jua za kutosha mji mmoja tu. Wakiona mtambo ni mchafu mno, moja ya boila mbili ingezimwa, paneli zingejengwa pale pale kwenye uwanja wa makaa, na nusu ya wanaume wangefundishwa kazi mpya. Wakiona moshi unavumilika, mtambo ungeachwa uendelee, na paneli zingekwenda kwingine.

"Kufundishwa!" wanaume walicheka, kicheko cha mtu anayeogopa. "Huyu na magoti yake apande juu ya paa? Wanatufukuza kwa lugha tamu."

Msimamizi wa mtambo alimfuata Firimbi kwenye boila. "Mzee wangu, hiyo firimbi ipumzike. Ukiipiga mara tisa kwa siku, mji mzima utawahesabia wageni."

Firimbi hakubisha. Aliufunga mnyororo kwa waya, kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku ile masizi yalishuka bila kubisha hodi. Dobi alikuja getini na shuka jeupe lenye madoa kama ngozi ya chui. "Umekufa au umekatwa ulimi?" alimwuliza. Firimbi alitazama viatu vyake.

Mkutano na wakaguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Nyuma ya Firimbi walikaa wale themanini, kofia magotini. Upande wa pili alikaa binti yake, fundi mpya wa umeme, wa kwanza kujiandikisha kwa kazi ya paneli. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea baba chakula, na mlango ule wenye chaki aliufahamu vizuri.

"Mzee," mkaguzi aliuliza, "kwa siku mnapuliza mara ngapi?"

Firimbi alikohoa mara mbili.

"Mara tatu. Kama zamani."

"Mara tatu kwa dakika!" dobi alipaza sauti, ukumbi ukaangua kicheko.

"Mama, wewe umehesabu?"

"Nitahesabuje na firimbi imefungwa?"

Mkaguzi akaandika. Binti aliinua uso, akamtazama baba yake, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akainamisha kichwa. Wale themanini walimbeba Firimbi juu juu mpaka nje, na aliyekuwa akitabasamu kidogo kuliko wote ni yeye.

Paneli zilikwenda mji wa mbali. Binti akazifuata mwezi ule ule, akaaga mlangoni bila kukaa chini. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Firimbi hayakungoja mjukuu azaliwe. Na mtambo wenyewe? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ulilisha nyumba themanini kwa miaka mitatu na ushei, watoto wakasoma. Lakini makaa mabaya yalikula mabomba taratibu, na yalipopasuka hakuna aliyeona faida ya kuyabadilisha. Wanaume wakarudi vibarazani, safari hii wakiwa na mvi, na hakuna aliyewatajia tena habari ya kufundishwa.

Huyo anakuja. Kofia ngumu, buti zenye vumbi, mwendo wa mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Anakohoa mara mbili. "Zilikuwa tisa."

"Najua."

"Nimekuja kukuambia hilo tu. Nilidanganya mbele yako."

Binti anavua kofia, anaketi chini kando ya kiti cha baba yake. "Niliiona ile mistari ya chaki jioni kabla ya mkutano, baba. Tisa. Kuna siku najiambia nilinyamaza kwa heshima yako. Siku nyingine najiambia niliwaogopa wale waliokaa nyuma yako." Anapangusa vumbi kwenye kofia, na vumbi haliishi. "Kama ningesema siku ile, ungenisamehe?"

Firimbi anazitazama paneli, hakuna hata wingu juu yake. Anakifungua kifungo cha juu cha koti. Na mimi, miaka yote niliyosimulia habari hii, sijalipata jibu la swali hilo. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ungekaa kwenye benchi lile, watu themanini waliotoka njaani wakikupumulia kisogoni, na mwanao akikutazama, ungetaja namba gani?