Boza la Maji kwenye Mchanga wa Darfur

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mikono inatafuta usukani.

Kwanza unijue. Ukishuka Segera ukauliza mwenye maroli mekundu, hata mama muuza machungwa atakuonyesha kwangu. Shule niliishia la saba, tena kwa kusukumwa, lakini udereva hakuna aliyenifundisha. Kabla ya kuingia jeshini nilikuwa nashusha mbao kutoka Vugiri masika nzima, matope mpaka magotini, na dawa ya matope ni moja: usiachie pedeli ya mafuta. Ukisita, unalala hukohuko. Mimi sikuwahi kulala.

Basi jeshi likatupeleka Darfur kulinda amani. Jua la kule likikupiga unalisikia kwenye meno. Siku hiyo nilipewa boza la maji. Wenzetu walikuwa wamezingirwa kwenye kituo cha mbele, na tangu jana yake asubuhi hawakuwa na tone. Niliona fahari! Nani mwingine apeleke kama si mimi, kijana wa Handeni?

Tukafika kwenye korongo kavu, pana, mchanga laini kama unga. Sajenti wetu, mtu mzima Msambaa wa Kerenge ambaye jangwa lile alikuwa amelikaa kabla yetu, akateremka, akalikanyaga kidogo, akarudi dirishani kwangu.

"Toa upepo matairi yote. Bakiza nusu."

"Afande, tairi laini si ndiyo pancha yenyewe? Mimi nimetoka Vugiri na masika."

"Vugiri kuna matope. Unaona matope hapa?"

"Utelezi ni utelezi, afande. Nyie Wasambaa kazi yenu kupanda milima kwa miguu. Magari tuachieni Wazigua."

Askari wa gari la ulinzi lililokuwa nyuma, wanaojua utani wa makabila yetu, wakaangua kicheko. Kicheko kile kilinilewesha, mwanangu. Sajenti hajafungua kinywa, mimi nimeshaondoka kwa moto wote, naye nimemwacha amesimama kwenye vumbi.

Sikufika hata katikati. Kadiri nilivyokanyaga ndivyo matairi yalivyochimba, mpaka boza likakalia difu, tumbo lote mchangani. Na hapo ndipo pikapu mbili zikatokea juu ya kilima, risasi zikaanza kulia. Ya kwanza ikatoboa tangi. Maji yakaruka kama ya bomba! Mwenzetu mmoja akavua soksi, akaziba tundu kwa kidole na soksi, huku analaani ukoo wangu mzima.

Sajenti akaja anatambaa. "Haya, dereva wa Vugiri. Kanyaga!"

"Afande, limekaa."

"Basi shuka. Matairi sita, yote yako."

Niliingia chini ya gari na njiti ya kiberiti, nikawa nabonyeza kipini cha vali ya kila tairi, upepo unatoka taratibu kama hauna haraka na mtu. Mchanga masikioni, wenzangu wanajibu mapigo juu yangu. Nikachimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka mbili, angalia hizi hapa hazijanyooka hadi leo. Kisha Sajenti akakaa pembeni yangu.

"Usikanyage. Lipeleke kama umebeba mtoto mgonjwa."

Nikaachia klachi pole, pole. Likatikisika. Likapanda! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Zile pikapu zilipoona bunduki kubwa ya gari letu la ulinzi imewekwa sawa ukingoni mwa korongo, zikageuza.

Kituoni tulikuta watu midomo imepasuka, wanagombea maji ya rejeta ya gari. Mmoja alilala chini ya bomba la boza kinywa wazi, analia huku anakunywa. Wengine wakaninyanyua juu kwa shangwe, na mimi, kwa uso mkavu, nikanyanyuka.

"Mshusheni," Sajenti akasema.

Wakanishusha. Akanishika bega, akanipeleka kwenye lile tundu, soksi bado inachuruzika.

"Haya yaliyomwagika yalikuwa ya kunywa ya hawa. Adui alitoboa tangi, lakini aliyelisimamisha hapo likatobolewa ni mdomo wako."

Hakuna aliyecheka. Kisha akajaza kikombe, akanipa. "Kunywa. Kesho unaendesha wewe."

Mwanangu, nimepigwa maishani, ila kikombe kile ndicho kilichoniuma. Nacho ndicho kilichonifanya dereva, halafu tajiri.

Kwa hiyo nakwambia hivi. Ujuzi wako usiuonee haya, mimi wangu siuonei haya hata kidogo. Ila ukifika ardhi usiyoijua, zima injini kwanza, msikilize aliyeikanyaga kabla yako, hata kama ni mtani wako, hata kama kisomo umemzidi. Usiendeshe maisha kwa kicheko cha waliokaa nyuma, maana usukani hawaushiki wao. Na ukikwama, usitafute wa kumsingizia. Ingia chini ya gari, uchimbe mwenyewe.

Mungu akutangulie kwenye njia ngeni. Akupe mtu wa kukukemea mapema, na akupe moyo wa kusimama anapokwambia simama. Amina, mwanangu. Nenda salama.