Nilimficha Babu Neno la Daktari

Nimekosa, na niliyemkosea yuko kaburini. Naandika bila jina kwa sababu nusu ya Ujiji wananijua, na wengi wao bado hawajui nilichofanya.

Babu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Anachemsha chikichi kwenye pipa, anazimwaga kwenye mashine ya mkono, halafu anausukuma ule mti wa mashine akizunguka, anazunguka, mpaka mafuta yatoke. Viganja vyake vilikuwa na rangi ya mawese hata siku ya Idi.

Adhana ikilia, anaacha kila kitu. Bibi akimlalamikia kwamba moto utazimika, anamjibu kuwa mafuta hayana safari. Na asubuhi, kabla hajagusa kazi yake, alikuwa ameshapeleka madumu ya maji msikitini kwa baiskeli ili watu wapate udhu. Hakuna aliyemtuma.

Mimi aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu. Nilimpenda. Nataka mlijue hilo kabla hamjanihukumu.

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Ramadhani, alianza kuishiwa nguvu na kunywa maji kupita kiasi. Nikampeleka hospitali. Akapimwa, ikaonekana ana sukari. Tulipokuwa tunangoja kuitwa tena, adhuhuri ikaingia, babu akatoka kwenda kuswali. Jina lake likaitwa akiwa hayupo. Nikaingia peke yangu.

Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Alinieleza taratibu, akarudia mara mbili. Mzee asifunge. Dawa hizi bila chakula zinashusha sukari mpaka mtu anaanguka. Ale asubuhi, mchana na jioni, na awepo mtu wa kumwangalia. Nikaitikia kila neno.

Babu aliporudi nikampa dawa tu.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilijua mtu wa kumpikia mchana na kumwangalia ni mimi, maana bibi miguu ilikuwa imemlemea. Na mimi nilikuwa nimeanza biashara ya dagaa pale ufukweni Katonga, wateja ndiyo kwanza wananizoea. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Siku ya kuamkia mfungo, alinikuta naosha vyombo uani. Akasimama, akaniuliza, "Mke wangu, daktari alisema nini kuhusu funga?"

Nikamjibu, "Hakusema kitu, babu."

Uso wake ukafunguka. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa na hofu atanizuia."

Jamani! Hapo ndipo ningeweza kusema. Neno moja tu. Nikaendelea kusugua sufuria.

Siku ya tisa ya mfungo, alasiri, nikapigiwa simu nikiwa Katonga. Babu alikuwa ameanguka kwenye mashine akikamua. Nilipofika hospitali alikuwa hasemi tena. Magharibi haikumkuta.

Daktari yule yule akatutazama mimi na baba mdogo, mwanawe babu, akauliza kama mzee aliambiwa asifunge. Baba mdogo akageuka kunitazama. 

Nikasema, "Tulimwambia. Alikataa."

Uongo ule ulifika nyumbani kabla ya maiti. Msibani nikasikia watu wakinong'ona kwamba mzee alikuwa mkaidi. Siku ya hitima shehe akatoa mawaidha: Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, na anayeikataa ruhusa hiyo anajidhulumu. Hakumtaja babu kwa jina, lakini kila mtu alielewa. Mtu aliyejaza maji ya udhu miaka yote ile akawa mfano wa kuwakanya watu. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, kichwa nimekiinamisha, nagawa kahawa.

Bibi ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa akiniuliza mara kwa mara, kwa nini babu yako alinificha katazo la daktari? Miaka yote hiyo ya ndoa, jambo kama hilo anifiche mimi? Nilianza kumkimbia bibi yangu mwenyewe.

Tangu hapo nimeishi kama mwizi. Nikiona mtu aliyevaa shati jeupe barabarani, nadhani ni daktari yule. Simu ikiita, nahisi ni baba mdogo amejua.

Halafu siku moja asubuhi, naanika dagaa, nikamwona daktari yule anakuja moja kwa moja mezani kwangu na samaki wa migebuka mkononi. Akanipa pole tena. Akasema mzee yule hakumtoka moyoni, na kwamba jioni hiyo angepita nyumbani kumpa bibi mkono wa pole.

Nikatabasamu. 

Alipoondoka nikaacha dagaa juani, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani. Nisijisifu: sikuungama kwa ucha Mungu. Niliungama kwa woga, nimuwahi yule daktari kabla hajamwambia bibi kwamba neno lile alinipa mimi peke yangu.

Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele. Nikapiga magoti, nikamweleza yote tangu hospitali. Nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda mrefu, punje moja moja. Kisha akasema kwa Kiha, lugha anayoirudia akiwa na uchungu, kwamba kumbe mume wake hakumficha kitu. Akalia. Nilipotaka kumshika aliusukuma mkono wangu.

Ijumaa iliyofuata akanipeleka kwa shehe. Baada ya swala shehe akawaambia watu kwamba marehemu alisingiziwa, hakukaidi daktari, na wamwombee. Jina langu alilisitiri. Kwa baba mdogo halikusitirika; alinikataza nisikanyage kwake, na hajabadilika mpaka leo.

Daktari hakuja jioni ile, wala siku nyingine yoyote.

Ninyi mnaowapeleka wazee hospitali, mkipewa neno la daktari lifikisheni siku ile ile, hata kama litawaudhi, hata kama litawafungia nyumbani. Na mkikosea, msimtwishe maiti kosa lenu. Hana mdomo wa kujitetea.

Ramadhani inakaribia tena na usingizi umeshaanza kunipaa. Juzi nilimwomba bibi radhi kwa mara nyingine. Aliniangalia, akasema, "Mimi ya kwangu nimekusamehe. Ya kwake, mwenyewe ndiye wa kukusamehe."

Mwenyewe nitamkuta wapi, ila huko niendako?