Ukurasa wa Arobaini na Moja

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliandika maneno ya watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo hakuna aliyemuuliza yeye ana maoni gani. Hakulalamika. Alikuwa mwandishi wa kumbukumbu za mikutano ya serikali, na kwake kazi ilikuwa moja tu: mtu akisema, unaandika alichosema. Ukipendezwa au ukichukia, hilo utalishughulikia ukifika nyumbani.

Ofisini walimwita Nukta. Alikuwa mfupi, mviringo, na akishasema neno la mwisho mazungumzo yamekwisha. Hati mkato alijifunza enzi za taipureta, na aliweza kuandika maneno mia na ishirini kwa dakika bila kuinua kichwa. Vinasa sauti vilipoingia, wenzake wadogo walimtania kwamba daftari lake limekanyagwa na kuku mwenye wino miguuni. Alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kuchonga penseli zake sita, kama alivyofanya kila asubuhi.

Alipobakiza miezi kumi na moja astaafu, alipangiwa mkutano mkubwa kuliko yote aliyowahi kuandika. Nchi kumi na tisa zilileta wajumbe: mawaziri, wakuu wa makampuni, na watu wa asasi za kiraia. Walikuja kujadili, kwa siku tatu, kampuni inayofanya biashara nje ya kwao inawajibika kwa nani inapoumiza watu. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya nne ya jengo la wizara yake. Kulikuwa na zulia jipya ambalo bado lilikuwa na harufu ya dukani, chupa ndogo za maji, bendera ndogo mezani, na wakalimani ndani ya vibanda vya vioo. Yeye aliwekewa kijimeza chini ya jukwaa, karibu kabisa na viatu vya mwenyekiti. Siku ya kwanza, aliniambia, neno "ushirikiano" lilitamkwa mara sitini na nne. Alilihesabu kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuandika.

Siku ya pili, mchana, wakafika kwenye afya za wafanyakazi. Jukwaani alikaa mkurugenzi wa kampuni ya viatu yenye viwanda katika nchi tatu. Kampuni yake ilikuwa imeletwa kama mfano wa kuigwa. Gundi ya kubandikia soli ilikuwa na mvuke ulioharibu mishipa ya fahamu. Wanawake waliokaa nayo miaka mingi walianza kufa ganzi miguu, wengine wakashindwa hata kufunga vifungo vya nguo zao. Kampuni ikabadilisha gundi, na sasa ilikuwa inapigiwa makofi.

Mwanasheria wa chama cha wafanyakazi wa viatu, mwanamke mwembamba aliyekuwa na mafua makali siku hiyo, aliomba nafasi. Alipenga kamasi kwanza, akaomba radhi, kisha akauliza swali fupi: kampuni ilijua lini?

Mkurugenzi alikuwa ameshazungumza saa nzima. Pengine alichoka, pengine makofi yalikuwa yamemlegeza. Alijibu kwa lugha yetu wenyewe, polepole, bila kuhitaji mkalimani.

"Taarifa ya daktari tulikuwa nayo miaka minne kabla ya kubadilisha gundi," alisema. "Tulijua. Lakini kusimamisha uzalishaji kungetupotezea soko."

Shangazi akaandika. Ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa daftari lake, mstari wa sita hadi wa tisa. Mwenyekiti, waziri mstaafu mwenye sauti nzito, alitazama saa yake na kutangaza mapumziko ya chai, ingawa dakika ishirini na tano zilikuwa bado.

Wakati wengine wanagombea vikombe, shangazi aliteremka ngazi hadi masijala iliyo chini ya jengo. Kwa kanuni, daftari la mwandishi hupokelewa huko likijaa. Lake lilikuwa na kurasa thelathini tupu. Alilikabidhi hivyohivyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na karani wa masijala, mzee ambaye waliajiriwa pamoja mwaka mmoja, hakumuuliza kitu. Alilitia kwenye bahasha, akaifunga, akagonga muhuri na kumpa stakabadhi pamoja na daftari jipya.

Kikao cha siku hiyo kilipokwisha, katibu wa mkutano alimwita kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, kulikokuwa na mashine za kuchapia. Akamweleza kwamba kinasa sauti kimepata hitilafu, dakika kumi na moja hazikusikika, na bahati mbaya ni zilezile za jibu la mkurugenzi. Kisha akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba mkurugenzi alieleza kuwa kampuni ilichukua hatua zinazofaa kwa wakati unaofaa. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya shangazi.

"Mama, ni suala la lugha tu," katibu alisema. "Mzee wa watu aliteleza ulimi."

"Kama aliteleza nitaandika kwamba aliteleza," shangazi akajibu. "Lakini kwanza niandike alichosema."

Katibu hakuwa mtu mbaya, shangazi mwenyewe alisema hivyo. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu. Alimkumbusha kwamba amebakiza miezi kumi na moja, kwamba barua yake ya sifa iko tayari, kwamba hakuna mtu anayesoma kumbukumbu za mikutano. Alipoona maneno matamu hayapiti, akataka daftari. Shangazi akamwonyesha stakabadhi ya masijala. Katibu aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akasema basi atasaini yeye mwenyewe.

Jioni hiyo tulikuwa kwake. Mama yangu alikuwa amekwenda kumjulia hali wifi yake, na mimi nilifuatana naye. Shangazi alitusimulia yote huku anakunja nguo zilizokauka. Mumewe, fundi saa, alikuwa pembeni na lenzi yake jichoni, mkononi ana saa ya mteja imefunguka tumbo. Mama hakupenda hata kidogo aliyoyasikia. Alisema watu wakubwa wamekubaliana, yeye anajitia katikati ya nini, na kichwa kigumu hakijawahi kumpa mtu cheo.

"Wifi, ni mistari minne tu," alisema mwisho. "Nani atakufa ukiifuta?"

"Sijui nani atakufa, wifi yangu. Ndiyo maana siifuti."

Kisha akatuambia jambo ambalo hata mumewe hakuwahi kulisikia. Miaka ishirini nyuma aliandika kikao cha watu waliokuwa wanahamishwa kupisha machimbo ya mawe. Mwanamke mmoja alisimama akasema ofisa wa kampuni amemwahidi kiwanja kingine, na ofisa, aliyekuwa amekaa palepale, akaitikia kwa kichwa na kusema ndiyo. Shangazi aliambiwa aiondoe sentensi hiyo kwa sababu haikuwa kwenye ajenda. Aliiondoa. Baada ya mwaka yule mwanamke alifika ofisini kuomba nakala ya kumbukumbu. Akaisoma kaunta, mwanzo hadi mwisho, mara mbili, akairudisha na kuondoka. Shangazi ndiye aliyempa nakala ile. Alikuwa upande wa pili wa kaunta, na alijikausha.

"Nilifanya mara moja," alisema. "Sifanyi tena."

Fundi saa alitoa lenzi jichoni akamwangalia mkewe. Akauliza kesho ataondoka saa ngapi, ili ampigie pasi gauni lake la kijani. Mama akavuta pumzi, akaanza kukunja nguo naye.

Asubuhi ya siku ya tatu kazi ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za jana. Zilisomwa na ofisa mwingine, zikiwa na sahihi ya katibu. Zilipofika kwenye hatua zinazofaa kwa wakati unaofaa, mwanasheria wa mafua aliinua kibao chake cha jina kuomba nafasi. Alisema hayo hayakusemwa. Mwenyekiti akajibu kwamba kwa masikitiko kinasa sauti kiliharibika, na hakuna namna ya kuhakikisha. Mwanasheria akanyoosha kidole kuelekea kijimeza kilichokuwa chini ya jukwaa. Akasema pale alikaa mama mmoja na hakuacha kuandika tangu juzi.

Wajumbe wa serikali mbili za nje wakaunga mkono daftari liletwe. Mwenyekiti alijaribu kuwapiga chenga kwa kanuni, lakini kanuni zilikuwa upande wa daftari. Karani wa masijala akapanda mwenyewe hadi ghorofa ya nne, anahema, bahasha kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Hakuitoa mpaka mwenyekiti aliposaini.

Mwenyekiti alifunua ukurasa wa arobaini na moja, akakutana na mistari, vitone na vikulabu. Akauliza kama kuna mtu mwingine ukumbini anayejua kusoma hati hiyo. Hakuna. Katibu akadaka nafasi hiyo haraka, akasema kwamba kama ni mtu mmoja tu anayeweza kuisoma, basi si ushahidi.

Shangazi akasimama. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kufungua kinywa kwenye kikao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ruhusa nisome."

"Wewe ni mtumishi wa sekretarieti, mama. Huna haki ya kusema hapa."

"Sisemi neno langu hata moja. Nasoma la mkurugenzi."

Mwenyekiti alisita. Mjumbe mmoja, mwakilishi wa chama cha wenye viwanda, akadhani amepata dawa: akapendekeza kwamba kabla ya hapo mama apimwe. Afungue ukurasa wowote atakaochaguliwa, asome. Wakamchagulia ukurasa wa kumi na tisa. Shangazi akavaa miwani na kusoma, kwa sauti ileile kavu ambayo angesomea orodha ya mahudhurio, utani alioutoa naibu waziri siku ya kwanza kuhusu mkwe wake na viatu vinavyobana. Aliusoma wote, pamoja na kikohozi cha naibu waziri katikati na neno moja ambalo naibu waziri asingependa lisomwe tena. Ukumbi mzima ukacheka, maana wote waliukumbuka. Naibu waziri mwenyewe aliinamisha kichwa akitikisika mabega.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mama huyu hajui kusoma maandishi yake. Akafunua ukurasa wa arobaini na moja bila kungoja kuambiwa. Kipaza sauti hakikuwashwa, lakini waliokaa nyuma kabisa walisikia: taarifa ya daktari, miaka minne, tulijua, soko.

Mkurugenzi akaomba nafasi. Alisema maneno yake yamechukuliwa nje ya muktadha, na kwamba anapinga vikali yaingizwe. Mwenyekiti, aliyekuwa ameanza kutoka jasho, akaagiza pingamizi liandikwe. Wajumbe wakabishana nusu saa, mwisho wakakubaliana kwamba maelezo yote mawili yaingie, yaliyosomwa na ya kuyapinga. Shangazi alikuwa ameshakaa, penseli mkononi. Aliandika jibu la jana kama lilivyosomwa leo, akaandika pingamizi, na kwa kuwa pingamizi ni lazima litaje kinachopingwa, akaliandika jibu lile kwa mara ya pili. Aliniambia kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuandika kitu kwa raha kama ile.

Malipo yake yalikuja upesi. Barua ya sifa haikutoka. Alihamishiwa chumba cha fomu za likizo, kisicho na dirisha, na hakupangiwa mkutano mwingine hata mmoja. Wenzake walisalimiana naye kwenye korido kwa kuharakisha. Mama yangu alimwambia nilikuambia, kisha akawa anampelekea chakula cha mchana kila Ijumaa, wanakula kati ya makabati ya faili wakisengenya ofisi nzima. Siku ya kustaafu hakukuwa na sherehe. Aliondoka saa tisa na nusu kama siku nyingine, kabeba penseli zake.

Mwanasheria alichukua nakala iliyothibitishwa ya kumbukumbu na kuipeleka mahakamani, katika nchi ambayo kampuni ya viatu imesajiliwa. Kesi imekwisha kusikilizwa mara mbili. Kampuni inapinga kila kitu, pamoja na hati mkato yenyewe, na shangazi ameshaandikiwa kwamba huenda akaitwa. Amejibu kwamba yuko tayari, wamtumie tarehe.

Wiki chache baada ya kustaafu, wanawake sita wa kiwanda cha viatu walibisha hodi kwake. Hawakuja kushukuru tu. Walitaka kufundishwa. Walisema kila wakikutana na menejimenti wanaahidiwa mambo, na wiki ya pili wanaambiwa hayakusemwa. Shangazi aliwaambia hati mkato inachukua miezi, na hana subira na wavivu. Wakasema watakuja kila Jumamosi.

Nimewaona mara nyingi, wamebanana kwenye meza ya kulia. Shangazi anawasomea gazeti kwa kasi isiyo na huruma, nao wanaandika. Mmoja wao vidole vyake vilikufa ganzi kwa ile gundi, penseli inamponyoka. Fundi saa alimzungushia kitambaa kwenye penseli ikawa nene, na sasa anaishika kwa ngumi. Maandishi yake ni makubwa na yanapinda, lakini yanasomeka. Siku moja alilia kwa hasira. Shangazi alimngoja amalize, akaanza upya aya ileile.

Mwezi uliopita walikwenda kwenye kikao chao cha kwanza wote sita wakiwa na madaftari. Meneja aliingia, akakaa, akaona penseli sita. Akawaambia kwamba haya ni mazungumzo ya kirafiki, hivyo waweke penseli chini kwanza ndipo waanze. Yule wa vidole vya ganzi alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, kisha akaandika kwamba meneja amewataka waweke penseli chini. Wenzake wakafanya hivyohivyo. Meneja alingoja kidogo, akakohoa, akaanza kusema.